Bosi anataka nijaze sahihi za dawa ambazo sikutoa, na bosi ni mtu wa kwetu

Dada hujambo, mimi hukusoma sana ila sijawahi kuandika, sasa hii imenilemea na sina wa kumwambia manake kila mtu ninayemjua huku anamjua huyo ninayetaka kumwongelea.

Niko Tacoma, Washington. Nafanya kazi kwa homu ya wazee, hizi ndogo zinazokuwa kwa nyumba ya kawaida tu mtaani, tuko na wazee sita, mimi ni wa usiku. Nilisoma zile saa 75 za ulezi nikapata cheti, halafu nikaongeza ile kozi ya saa 9 ya kukabidhiwa dawa na nesi (yaani nesi anakuruhusu utoe dawa kwa niaba yake) na ile fupi ya insulini, kwa hivyo siandiki kama mtu asiyejua dawa ni nini. Mwenye homu ni Mkenya, tena wa kwetu kabisa, alisoma na shangazi yangu shule moja. Nilipokuja na grinikadi ni yeye alinipokea eapoti, nikakaa kwake mpaka nikasimama, kozi alinilipia yeye, na hii nyumba tunayokodi na bwanangu ni yeye alisaini kama mdhamini kwa sababu hatukuwa tumejenga krediti. Namwita anti. Kanisani ndiye mweka hazina, mtu akifiwa huyo ndiye wa kwanza kuzunguka na bahasha.

Sasa sikiza. Nikiingia zamu napata dawa zishatolewa kwa kadi za famasia zikawekwa kwa vikombe vidogo, za usiku na za asubuhi zote, majina yameandikwa kwa masking tepu, zimepangwa kwa treya juu ya friji. Eti mimi nipeleke tu halafu nisaini chati, ile karatasi yenye boksi la kila dawa na kila saa. Nilikataa, nikawa natoa zangu upya kutoka kwa kadi, anti akasema naharibu dawa na najifanya nimesoma kuliko wengine. Kuna shosho mmoja ana dawa ya thairoidi ya asubuhi, kwa kikombe imechanganywa na kalisiamu na zile zingine zote na anapewa akila uji wake wa oti. Kuna mwingine amesahau mpaka watoto wake, akipewa dawa anatema, kwa hivyo watu wa mchana wanasaga kila kitu wanaficha kwa pudini, na yeye hajui anakula dawa.

Hayo ningeyavumilia nikiongea polepole. Kilichonitoa usingizi ni babu wa chumba cha nyuma. Huyu ana saratani imeingia kwa mifupa, anatumia oksikodoni, ile dawa kali ya maumivu. Alikuwa analala vizuri, juzi juzi akaanza kulia usiku, anatoka jasho, anageuka geuka, ananiambia dawa yangu imekuwa maji. Nikachukua kadi yake, unajua zile kadi za vifuko vya plastiki unabonyeza tembe inatokea nyuma, nikapitisha kidole kule nyuma kwa ile karatasi ya fedha nikahisi kitu kinakwaruza. Kugeuza, vifuko vitatu vimekatwa kwa wembe vikafungwa na selotepu ile inayopitisha mwanga, huwezi kuona mpaka uelekeze kwa taa. Ndani kuna tembe nyeupe, duara, lakini maandishi yake siyo yale ya zile zingine. Nikamuuliza anti akasema famasia ndio walituma hivyo, niache uchunguzi. Funguo za kabati la dawa, nisisahau, zinaning'inia kwa msumari jikoni, mtu yeyote anachukua, hata mpwa wake anayekuja wikendi kufyeka nyasi.

Sasa jimbo wamekagua homu ya karibu na sisi, anti amepata hofu. Amenitumia ujumbe niende mchana nijaze chati, kuna maboksi mengi hayana kitu, ya jioni, wakati kulikuwa na kijana aliyeacha kazi. Anataka niweke herufi za jina langu kana kwamba ni mimi nilitoa. Na kile kitabu cha kuhesabu dawa kali, kila mahali panapotakiwa sahihi ya mtu wa pili pako wazi, pia nisaini. Mpaka sasa nimesingizia mtoto ana homa.

Bwanangu anasema usitukane wakunga na uzazi ungalipo, nisaini yaishe, nyumba tunayolalia tuliipata kwa udhamini wa huyo mama. Mimi naona nitafungwa. Nifanye nini? Na tena, nikiondoka pale, ile ruhusa yangu ya kudunga insulini nabeba ama inabaki?

Wa Usiku, Tacoma

---

Wa Usiku, usijaze hata boksi moja. Naanza na hilo kwa sababu unaweza kuwa unasoma hii ukiwa kwa basi unaelekea huko.

Boksi likiwa tupu maana yake hakuna anayejua kama mzee alipewa dawa, na hilo ni kosa la homu, watalijibu wao. Ukiweka herufi zako pale umesema ulikuwepo, ulisoma lebo, ulimpa, ulimuona akimeza, na saa za kazi zako kwa karatasi za mshahara zitasema ulikuwa kwako umelala. Mkaguzi hahitaji kuwa shushushu kuona hiyo, anaweka karatasi mbili kando kwa kando basi. Mtu anaruhusiwa kuandika kwa kuchelewa kitu alichofanya yeye mwenyewe, anaandika kwamba amechelewa na tarehe ya leo. Cha mwenzake hakiandikiki. Na kile kitabu cha hesabu ndio kabisa, sahihi ya pili iko pale kusema watu wawili walisimama wakahesabu pamoja, sasa wewe uliyekuwa nyumbani ulihesabu nini?

Tuje kwa babu, manake kwa barua yako yeye ndiye wa haraka na naona wewe mwenyewe umemweka katikati ya malalamiko mengine kana kwamba yako sawa. Hayako sawa. Kila tembe ya dawa ya daktari inayouzwa Marekani inatakiwa kuwa na alama yake iliyochapwa, herufi ama namba, hiyo sheria iko tangu miaka ya 90, na ndio maana famasia ukiwapigia ukawasomea ile alama wanakuambia ni dawa gani kabla hujamaliza sentensi. Kwa hivyo ile hadithi ya famasia walituma hivyo inapimwa kwa simu ya dakika tano. Famasia hawafungi kadi kwa selotepu dadangu, unajua na anti anajua.

Kinachonitisha ni hiki. Babu akikosa dawa aliyoizoea mwili unamdai, lile jasho na kugeuka geuka inaweza kuwa maumivu, inaweza kuwa mwili unalilia dawa, angalia kama anaharisha pia. Hapo hatujui hiyo tembe nyingine anayomeza ni ya nini, inaweza kuwa ya presha. Halafu mtu akimpigia daktari amwambie dawa imekuwa haifanyi kazi, daktari asiyejua habari ya wembe ataongeza dozi, sasa siku moja babu anapewa oksikodoni ya kweli, dozi kubwa, na mwili wake ushasahau, na hapo ndipo mtu anaacha kupumua usingizini. Nimefanya unesi miaka mingi na hii ndio sehemu watu hawafikirii, wanadhani wizi wa dawa ni wizi wa tembe.

Kwa hivyo usiku wa leo ukiingia: usimpe kilicho kwa kifuko chenye selotepu, na usikitoe, usikibandue, kiache kilivyo ndani ya kadi. Pigia nesi anayewakabidhi kazi, ama nesi wa hospisi (huduma ya wagonjwa walio mwisho wa maisha) kama babu yuko hospisi, wao huwa na mtu wa simu usiku, umwambie ulichoona na vile mzee yuko, babu apate kitu cha maumivu kwa njia ya halali. Oksikodoni haina ile ya kurudi famasia ukajaziwa tu, kila mara ni karatasi mpya ya daktari, kwa hivyo zikiibiwa zinaisha mapema na yeye ndiye anayekaa bila, ndio sababu simu haingoji asubuhi. Ukimkuta ameduwaa haamki vizuri ama anapumua kwa mbali, 911, usimuulize anti kwanza.

Halafu piga simu DSHS, ile idara ya jimbo inayotoa leseni. Namba iko kwa ukuta wa hiyo homu, sheria inataka ibandikwe mahali wazee na wageni wanaiona, pamoja na ya Ombudsman, yule mtetezi wa haki za wazee. Wewe ni mlezi, kwa Washington sheria inakuhesabu kati ya watu ambao lazima waripoti, huombi ruhusa ya bosi na huhitaji ushahidi wa kortini, inatosha kuwa na sababu ya maana ya kuamini mzee anadhulumiwa. Kunyamaza ukijua ni kosa la jinai. Bwanako akisema yaishe mwambie hivyo, njia ya kunyamaza ina kesi ndani yake. Na kwa mtu wa grinikadi ambaye hajapata uraia, kesi yoyote yenye dawa za kudhibitiwa kama oksikodoni ndani yake ni hatari nyingine kabisa, watu wamerudishwa nyumbani kwa hiyo, kwa hivyo kama umeshaanza kuulizwa maswali na mtu yeyote mwenye beji tafuta wakili wa uhamiaji mapema, siyo yule wa kikundi cha WhatsApp.

Jina lako wakilichukua wanalihifadhi kwa siri, na sheria inamkataza mwenye homu kukulipiza. Nisikudanganye lakini, nyumba ya wazee sita na walezi wachache, atakisia. Jua hilo ukipiga simu.

Na usimtaje mwizi. Humjui. Anaweza kuwa anti, anaweza kuwa yule kijana aliyeacha, anaweza kuwa wa kufyeka nyasi, na funguo zikiwa kwa msumari hata fundi wa friji yumo. Wewe sema ulichoshika kwa kidole: kadi ya nani, kifuko namba ngapi, tembe ina alama gani, tarehe gani uliona, ulimwambia nani na alijibu nini. Andika hayo nyumbani kwa daftari lako bila jina kamili la mzee, chumba kinatosha. Usipige chati picha na simu yako, usibebe karatasi ya homu, manake siri za mgonjwa ni za mgonjwa na utawapa sababu ya kugeuza kesi iwe yako. Ujumbe aliokutumia anti wa kukuita ujaze, huo ni wako, usiufute.

Kwa anti mwenyewe. Naona hapa ndipo moyo wako uko, na sitakuambia kirahisi eti msahau, manake mtu aliyekupokea eapoti hasahauliki, wengi wetu hatungekuwa hapa bila mama kama huyo. Harambee zetu huku zinalipwa na watu wanaogeuza wazee usiku, na hizi homu zimesomesha watoto wetu. Lakini angalia alichokuomba. Amekuomba uchukue makosa ya kijana aliyeondoka uyavae wewe, na yeye abaki na leseni. Deni la eapoti na kitanda halilipwi na cheti chako. Akipiga tena mwambie hivi: anti, siku nilizofanya nitaandika, siku ambazo sikuwepo siwezi, na hicho kitabu sikuhesabu na mtu. Basi. Usimweleze sheria, usimhubirie, usimwambie umepiga simu wapi. Akikuuliza kama umepiga, mwambie hayo hamwezi kuongea wewe na yeye.

Habari ya nyumba, mkataba wa kukodi ukishasainiwa hauvunjiki kwa sababu mdhamini amenuna. Soma tarehe ya mwisho wa mkataba, mnaweza kulazimika kutafuta mdhamini mwingine wakati wa kuandika upya, na kama mmekuwa mkilipa kwa wakati krediti yenu sasa siyo ile ya mlipofika. Kanisani watasema umemchoma mama wa watu. Watasema mwezi mzima halafu atatokea mwingine wa kusemwa.

Sasa hayo mengine ya vikombe, nisiyaache manake yanaua polepole. Dawa zikishatoka kwa kadi zikaingia kikombe, lebo imepotea, wewe unayepeleka huwezi kuthibitisha chochote, na ulifanya sawa kutoa zako. Ukipata kikombe kishajazwa na mtu mwingine usikipeleke. Shosho wa thairoidi, hiyo dawa inataka tumbo tupu, nusu saa mpaka saa nzima kabla ya kula, na kalisiamu ikae mbali nayo masaa manne hivi, la sivyo kalisiamu inaishika haiingii mwilini, halafu vipimo vya damu vinakuja vibaya, daktari anaongeza dozi, mnazunguka. Wewe wa usiku ndiye uko vizuri hapo, mpe saa kumi na mbili na maji matupu, wa mchana wampe kalisiamu na chakula cha mchana. Ila mpangilio huo uandikwe kwa chati na nesi ama famasia akikubali, usiubadilishe kwa mdomo.

Yule anayetema. Kusaga kila kitu ni balaa, kuna tembe zimetengenezwa zitoke pole pole siku nzima, ile metoprololi ya muda mrefu, dawa ya presha na moyo, kwa mfano, ukiisaga yote inaingia mara moja, mapigo ya moyo yanashuka, mzee anaanguka akienda choo na mtasema ni uzee. Famasia wanajua ipi inasagika na ipi ina ya maji. Kuficha nako, kwa jimbo lenu mtu asiyejua kwamba anameza dawa huwezi kusema unamsaidia tu kumeza, hapo unampa dawa, na kumpa inataka nesi au mlezi aliyekabidhiwa na nesi kwa huyo mzee. Sijui kama hao wa mchana wamekabidhiwa, uliza. Na mzee ana haki ya kukataa, akitema unaandika amekataa na unamjulisha nesi, mambo mengi ya kutema huisha ukibadilisha saa ama ukimpa moja moja badala ya kumjazia kiganja. Kuna bibi nilimtunza alikuwa anatema kila kitu asubuhi, tukaja kugundua ni meno ya bandia yalikuwa yanamuuma kabla hajayazoea, saa nne alikuwa anameza bila neno.

Haya yote mwambie nesi wakati ule ule unamwambia ya babu, lakini yawe ya pili. Nesi anayekabidhi anatakiwa kupita angalau kila siku 90, kama hujamuona muda mrefu kuliko huo sema hivyo pia, na akija asiishie kwa meza ya anti na chai, mwombe asimame na wewe kwa kabati. Na ujue unaweza kukataa kazi ya dawa aliyokukabidhi kama unaona mzee hayuko salama, sheria ya Washington inakulinda usiadhibiwe kwa kukataa kwa sababu hiyo.

Swali lako la insulini. Cheti cha kozi ni chako, unaenda nacho popote ndani ya jimbo. Kukabidhiwa hakuhami, kule ulikabidhiwa kwa mzee fulani na nesi fulani, ukienda homu nyingine nesi wa huko anaanza upya, anakuonyesha, anakuangalia ukifanya, anasaini kwa huyo mzee mpya, na kwa insulini anarudi kukuangalia tena. Homu ikikuambia anza tu kudunga leo nesi atakuja baadaye, hapo usianze kazi. Chukua nakala ya vyeti vyako vyote nyumbani wiki hii, kama asili ziko kwa faili la anti ziombe kabla mambo hayajachacha, na nafasi za walezi wenye cheti cha insulini Tacoma hazikosekani.